Chogo Anajibu Upesi Mno

Kila asubuhi Fundi alipiga mswaki, akavaa shati lenye kola, akachana nywele chache alizobakiwa nazo, ndipo akafungua kompyuta. Hakukuwa na wa kumwona. Lakini kwake baraza lilikuwa baraza, na mtu mzima haendi barazani na fulana ya kulalia.

Baraza lenyewe lilikuwa humo ndani ya kompyuta. Lilijiita Baraza la Vitufe, na lilikusanya watu wasiojuana sura: wapenzi wa gemu, wa simu, wa kompyuta, wa kila kitu chenye waya na kisicho na waya. Kila mmoja alikuwa na jina la kujipachika. Alikuwapo Betri Moto, ambaye hakuna simu mpya iliyotoka asiitetee kama ndugu yake wa damu. Alikuwapo Kidole Chepesi, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko hicho kidole. Na alikuwapo msimamizi, Bawabu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea watu na kuwafukuza. Fundi alijiita Chogo, kwa heshima ya zile televisheni nzito zenye mgongo mrefu, alizozitengeneza karibu maisha yake yote, hadi watu walipozibeba kuzipeleka jalalani zikiwa bado zinaonyesha picha safi.

Binti yake ndiye aliyemwingiza. Alikuja kumzika mama yake, akakaa siku za kukaa, na kabla hajarudi kazini kwake, mji wa mbali, akaiweka kompyuta juu ya meza ya kazi ya baba yake, katikati ya bisibisi na vifaa vya kulehemu.

"Baba, usikae kimya humu ndani," alisema. "Ukifungua hapa kuna watu."

Kweli walikuwapo. Mtaani watu walikuwa wamekwisha. Chumba cha mbele, kile chenye mlango wa kukunja unaotazama barabara, Fundi alimpangisha muuza makava ya simu, kijana mwenye vipachiko vya muziki masikioni kutwa kucha. Fundi akipita humwinulia kidole, na yeye humwinulia kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Zamani salamu ilikuwa kazi ya robo saa. Ilimtaka mtu ataje mke, watoto, mgongo wa mama mkwe na paa linalovuja. Sasa ni kidole.

Barazani ilikuwa habari nyingine. Huko mtu alikuwa akikatwa kauli, akizomewa, akichokozwa. Siku moja Betri Moto aliandika:

"Simu za mwaka huu ni bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Anayebisha ana wivu."

Chogo akajibu pale pale: "Ndugu yangu Betri Moto, kitu usichoweza kukifungua mwenyewe si chako, umekikodi tu. Simu yako imebandikwa kwa gundi kama bahasha. Ikiumwa huiuguzi, unaizika."

"Haya, chuma chakavu kimeamka," akadakia Kidole Chepesi. "Chogo, wewe ukipewa gari utauliza farasi wake yuko wapi."

"Farasi angalau akikutupa chini anageuka kukutazama, Kidole. Gari lako likikutupa linaendelea na safari."

"Mwanangu, nenda kalale!"

Fundi alicheka peke yake, kwa sauti, hadi muuza makava akaondoa kipachiko kimoja kutazama ukutani. Mwanangu! Ni lini mara ya mwisho mtu kumwita hivyo? Humo walimchukua kuwa mwenzao. Walibishana naye juu ya gemu mpya zinazouzwa kabla hazijaisha kutengenezwa, mnunuzi akawa ndiye wa kuzifanyia majaribio kwa pesa yake. Walibishana kama gemu zinamfanya mtu awe mkiwa, au mkiwa ndiye anayezikimbilia gemu. Juu ya hilo Chogo alikuwa na maneno mengi, kwa sababu hapo alikuwa anasimama juu ya ardhi yake.

Hicho chumba cha makava kiliwahi kuwa ukumbi. Mashine za gemu za kaseti, televisheni za chogo juu ya makreti, mabenchi, na watu wamejaa hadi kizingitini. Walicheza wawili wawili, bega kwa bega, mbele ya kioo kimoja. Na ukumbi ulikuwa na sheria yake, ambayo Fundi aliitunga mwenyewe na hajaiona penginepo: haki ya mshindwa. Aliyeshindwa aliweka chini kidude chake cha kuchezea, akasimama nyuma ya aliyemshinda, na tangu hapo alikuwa na ruhusa ya kumtukana matusi yote yasiyogusa mzazi, mpaka naye ashindwe. Mshindi haruhusiwi kukasirika. Ilikuwa ndiyo kodi ya ushindi. Watu waliokuwa hawasalimiani mtaani walitukanana humo hadi wakawa marafiki, na wawili kati yao wakaja kuoana.

Mkewe, waliyemwita Mama Ukumbi, alicheza gemu moja tu, ya magari. Na alikuwa mwizi. Mkifika kona ya mwisho anakupiga kiwiko cha mbavu, kidogo tu, kama bahati mbaya, gari lako linaingia mtaroni. "Jamani, pole!" anasema, huku anavuka mstari. Fundi alipigwa kile kiwiko miaka na miaka, wala hakukikwepa. Aliwahi kuliandika jambo hilo barazani bila kumtaja mkewe: kwamba gemu za mtandaoni zina kila kitu ila kiwiko. Betri Moto alimjibu kuwa kiwiko kitakuja kwenye toleo lijalo.

Basi. Kisha yakaja mambo ya mashine zinazoandika. Kila kundi la mtandaoni likaanza kujaa wanachama wasiokuwa watu, wanaosifia bidhaa, wanaotoa pole, wanaojua kila kitu. Bawabu akatangaza kwamba Baraza la Vitufe ni la binadamu, na atakayeshukiwa atatakiwa kujithibitisha au aondolewe. Fundi aliiunga mkono sheria hiyo kwa andiko refu zuri. Hakujua kuwa anachimba kisima atakachotumbukia mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida Kidole Chepesi alipoandika:

"Jamani, nina swali. Hivi Chogo hulala saa ngapi?"

Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Kidole akaendelea:

"Mimi sitanii. Nimemwandikia alfajiri, kajibu. Saa ya kazi, kajibu. Sikukuu watu wako na familia zao, Chogo yupo, kajibu. Hajawahi kusema ngoja kuna mgeni. Hajawahi kusema mtoto analia, chakula kinaungua, bosi anakuja. Hana picha, hana sauti. Anaandika kama tangazo la redio la zamani. Anajua mashine za kaseti kama aliyezizaa. Hebu niambieni, ni mtu gani huyo asiye na hata mtu mmoja wa kumkatiza?"

Fundi alisoma mstari wa mwisho. Vidole vyake havikusubiri. Vilijibu: "Ndugu Kidole, mimi ni mtu kama wewe."

"Mmeona?" akaandika Kidole. "Sijamaliza hata kushusha pumzi!"

Wakacheka tena. Betri Moto akasema hivyo hivyo ndivyo mashine zinavyosema: mimi ni mtu kama wewe. Mwingine akamwomba Chogo amwandikie barua ya kuomba kazi, maana mashine ndizo zinazoweza. Fundi alianza kujibu, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaogopa kujibu upesi, na hakujua mtu wa kawaida hujibu baada ya muda gani.

Bawabu akaandika kwa upole wa askari mwenye amri mkononi: "Chogo, hatukuhukumu. Weka picha yako au sauti, kabla wiki haijaisha. Bila hivyo nitalazimika kukutoa. Sheria uliisifu mwenyewe."

Kompyuta ya Fundi haikuwa na kamera, na simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kupokelea tu. Lakini kipaza sauti alikuwa nacho. Alikiunganisha mwenyewe kutoka kwenye redio ya mkanda iliyokufa. Akaketi, akanyoosha kola, akasema: "Hamjambo wanabaraza. Mimi ni Chogo." Sauti iliyotoka hakuitambua. Ilikuwa imekwama, ina kutu, sauti ya mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Alipokumbuka, aliona kuwa tangu juzi alikuwa hajasema neno kwa sauti, ila "aah" alipojigonga kwenye kreti. Akakohoa, akaituma hivyo hivyo.

"Wameweka na kikohozi!" akaandika Betri Moto. "Teknolojia imefika mbali, jamani."

Mchana akampigia binti yake.

"Baba, niko kazini. Kuna nini, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Ni kule barazani. Wanasema mimi ni roboti."

Binti akacheka, kicheko kizuri cha mama yake. "Baba nawe! Si kundi la mtandaoni tu? Jiunge na lingine, yako mengi. Nitakupigia jioni, eti?"

"Haya, mama."

Fundi alikaa na simu mapajani hadi taa za barabarani zikawaka. Hakumlaumu. Lakini jiunge na lingine! Ndivyo wanavyosema siku hizi juu ya kila kitu. Redio ikiharibika, nunua nyingine. Rafiki akinuna, tafuta mwingine. Kutengeneza kumekuwa ushamba. Yeye alikuwa na baraza moja, na humo kulikuwa na watu waliojua ugomvi wao na yeye ulianzia wapi. Utaununua wapi ugomvi wa namna hiyo?

Siku iliyofuata akaandika barazani jina la mji wake na mtaa wake, na kwamba nyumba ni ile yenye duka la makava, jambo ambalo hakuna mtu humo aliyewahi kulifanya, akasema: "Aliye karibu na aje anione kwa macho. Nitakubali hukumu yake."

Halafu Kidole Chepesi: "Huo mtaa napita na vifurushi kila siku. Nakuja kesho. Nikikuta ni mashine nachomoa waya, habari inaishia hapo."

Fundi alifagia. Alitoa chini ya kitanda mashine ya kaseti, akapuliza vumbi, akaisafisha miguu ya shaba ya kaseti kwa pamba na spiriti. Akainyanyua televisheni ya chogo, ya mwisho aliyobaki nayo, akaipandisha mezani kwa shida ambayo zamani haikuwapo. Vidude viwili: kimoja kilikuwa wazi, kingine kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha Mama Ukumbi. Alikifungua hicho mwisho. Kitufe chake cha mwendo kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kukanyaga breki.

Mlango ulipogongwa, alikuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kofia ya pikipiki mkononi, koti la kampuni ya vifurushi mwilini.

"Namtafuta Chogo," mwanamke akasema, akitazama nyuma ya Fundi, ndani, kana kwamba Chogo angetokea huko.

"Ndiye mimi."

Mwanamke akamtazama. Akatazama shati lenye kola. Akashusha kofia yake, akakunja goti kidogo, na sauti ikabadilika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Fundi, na papo hapo akahisi kama mtu aliyesikia mlango unafungwa chumba cha pili. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Kidole Chepesi."

"Wewe! Mimi nilimtarajia kijana wa kiume mwenye chunusi."

"Na mimi nilitarajia kompyuta, mzee. Samahani sana."

Wote wawili wakacheka, na kwa kitambo kidogo mambo yakawa mazuri. Akamkaribisha, akampa kiti, akampa kidude cha Mama Ukumbi. Akaiwasha mashine. Muziki wa gemu ya magari ulitoka na mikwaruzo yake yote, na Kidole Chepesi akapiga ukelele wa furaha wa mtu aliyekutana na kitu alichokisikia tu. Wakaanza mashindano. Alikuwa na vidole vyepesi kweli, hakujisifu bure. Walipofika kona ya mwisho gari lake lilikuwa mbele.

Fundi hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Kiwiko kikamgusa mgeni ubavuni, kidogo tu, kama bahati mbaya, na lile gari likaingia mtaroni.

"Jamani, pole!" akasema Fundi, akavuka mstari.

Alimgeukia kwa macho yanayong'aa, akingoja aanze. Kidole Chepesi alikuwa anatabasamu kwa adabu.

"Haya, simama nyuma yangu," Fundi akamwambia. "Hapa kuna haki ya mshindwa. Nilishawaeleza barazani. Nitukane."

Akasimama nyuma ya kiti. Fundi akaanza kucheza peke yake na kusubiri. Gari likazunguka kona mbili.

"Unaendesha vizuri, mzee," ikasema sauti nyuma yake.

"Hayo ndiyo matusi?"

"Siwezi, baba. Wewe ni kama mzazi wangu."

"Jumanne uliniita chuma chakavu."

"Jumanne nilikuwa sijakuona."

Fundi akaliacha gari liende mtaroni lenyewe. Televisheni ilikuwa inanguruma peke yake. Kisha akasema, bila kugeuka: "Nina ombi moja. Waambie mimi ni mtu. Basi. Usiwaambie ni mtu gani."

"Bawabu anataka picha, mzee."

"Piga mikono. Mikono na kidude. Inatosha."

Kidole Chepesi akakubali. Alipiga picha ya mikono miwili imeshika kidude mbele ya kioo kinachowaka, akaaga kwa heshima zote, akakataa kusindikizwa asije akamchosha. Aliahidi atapita tena. Pikipiki yake ikaguruma, na muuza makava akamwinulia kidole.

Alitimiza alichoahidi, hilo lazima lisemwe. Barazani aliweka picha ile na maneno mawili: "Ni mtu." Lakini Fundi, katika maisha yake yote, aliitumia mikono yake bila kuitazama. Sasa aliiona kama wao walivyoiona: ngozi iliyokunjamana kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa, mishipa iliyosimama, madoa, alama za moto wa kulehemu, pete iliyozama kwenye kidole.

"Subirini," akaandika Betri Moto. "Hiyo mikono ni ya babu yangu kabisa."

Halafu maandishi yakaanza kuingia, moja baada ya jingine, kama watu wanaopanga viatu mlangoni. Shikamoo mzee. Shikamoo mzee wetu. Tusamehe kwa yote, hatukujua. Bawabu akamwandikia kuwa baraza limebarikiwa kuwa na mtu mzima, na akamwekea alama ya nyota pembeni ya jina lake. Fundi akajibu wote kwa shukrani. Alikuwa ameshinda. Hakutolewa.

Siku za baadaye aliandika kama kawaida yake. Aliandika kuwa gemu za kushusha kutoka hewani si mali ya mtu, siku mwenye duka akifunga umebaki na hewa. Zamani hapo Betri Moto angemrukia kooni. Sasa aliandika, "Asante kwa busara, mzee." Aliandika kuwa saa zinazohesabu hatua za mtu ni kamba ya mbwa, na aliyefungwa ni mvaaji. "Umenena, mzee." Akamchokoza Kidole Chepesi kwa jina, kuhusu lile gari lililoingia mtaroni. "Nilifunzwa na bingwa," akajibu, akaweka kikaragosi cha mikono iliyokutana. Pembeni, chini ya maandishi mengine, wao kwa wao waliendelea kuitana chuma chakavu na kupelekana kulala. Akiingia yeye, wanashusha sauti. Unaweza kuisikia sauti ikishuka hata kwenye maandishi, kama una masikio ya zamani.

Kidole Chepesi hakupita tena. Vifurushi ni vingi.

Mwishowe Fundi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alivaa shati, akachana nywele, akaandika hivi: "Nimefikiri sana. Zile televisheni za chogo hazikuwa na maana yoyote. Zilikuwa nzito, zilikula umeme, na waliozitengeneza walipoteza muda wao. Heri zilivyotupwa."

Aliutuma uongo huo, akaegemea kiti na kungoja. Alikuwa amejivua nguo mbele ya watu ili tu mmoja wao aseme: wewe Chogo umerukwa na akili? Mmoja tu. Chini ya kioo ikatokea alama kuwa kuna mtu anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena. Fundi alisogea mbele hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Ni kweli kabisa mzee," akaandika Betri Moto. "Wewe uliyeziona ndiye unayejua."

Na chini yake mwanachama mgeni, ambaye hata jina lake Fundi hakulifahamu, aliyekuwa ameona nyota na kuelewa kinachotakiwa, akaandika: "Shikamoo mzee."

Salamu hiyo ina jibu moja tu. Huwezi kubishana nayo. Fundi akaandika "Marahaba," kidole kikafika juu ya kitufe cha kutuma, kikasimama. Akainuka. Akaenda jikoni, akachukua kikombe ambacho tayari kilikuwa safi, akakiosha polepole, ndani na nje, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Akasimama kidogo dirishani, kama mtu mwenye mgeni, kama mtu mwenye chakula kinachoungua.

Kisha akarudi, akakaa, akalituma jibu.